Masisi na Walikale: Je, klorini ya kuzuia kipindupindu inaweza kujiwasha yenyewe?

Klorini ya unga inayotumika kusafisha maji na kupambana na kipindupindu katika teritware za Masisi na Walikale haiwashwi na jua la kawaida peke yake. Lakini ikirundikwa kwa wingi chini ya bati, ikakaa humo miezi mingi, ikaingia unyevu au ikakutana na mazutu, inaweza kujipasha joto yenyewe hadi kuunguza depo nzima. Vita vya mwaka 2025 vimerefusha safari na muda wa kuhifadhi bidhaa hii Kivu Kaskazini, na kibandiko kilicho juu ya ndoo kinasema nusu tu ya hatari.

Unga huo ndio wahudumu wa afya huita HTH au klore. Jina lake la kikemia ni hipokloriti ya kalsiamu. Ni mweupe, unanuka klorini kwa nguvu, na kwa kawaida una klorini tendaji ya asilimia 65 hadi 70. Gramu 15 katika lita moja ya maji zinatosha kutengeneza mchanganyiko wa asilimia 1, ule ambao wasafishaji wa maji huchota kwa sindano na kutia katika kila bidoni kwenye vituo vya kuchotea maji. Ukitengenezwa kwa asilimia 0.5, unasafisha sakafu, vitanda na vyoo vya wagonjwa. Kwa asilimia 0.05, watu wananawa mikono.

Unga usioweza kuachwa

Kwa wakaaji wa Kivu Kaskazini, bidhaa hii ina historia ndefu. Julai 1994, kipindupindu na kuhara damu viliua karibu wakimbizi 50,000 wa Rwanda ndani ya mwezi mmoja kandokando ya Goma. Mwaka 2023, Kongo iliandikisha zaidi ya watu 50,000 walioshukiwa kuugua kipindupindu, na jimbo la Kivu Kaskazini lilibeba sehemu kubwa zaidi. Agosti 2019, Ebola ilipofika Pinga, teritware ya Walikale, vifaa vya kwanza vilivyohitajika vilikuwa pamoja na ndoo, mabomba ya kunyunyizia dawa na klorini.

Kwa hiyo swali halihusu kuacha au kutoacha kuutumia. Kambi ya wahamaji wa vita isiyo na klorini inaweza kupoteza watu wengi kuliko depo iliyoungua. Kinachotakiwa ni kujua unga huu unakuwa hatari lini, ili depo na kamyo vipangwe kabla ya ajali.

Nusu ya habari iliyo juu ya ndoo

Katika mpangilio wa Umoja wa Mataifa wa bidhaa hatari, hipokloriti ya kalsiamu iko katika daraja la 5.1, yaani vitu vinavyotoa oksijeni na kusaidia vingine kuwaka. Alama yake ni mwali wa moto juu ya duara. Mlinzi wa depo akiona alama hiyo anaelewa kwamba unga wenyewe si kama esanse, haushiki moto ukiguswa na kiberiti, bali unachochea moto wa kitu kingine.

Hayo ni kweli, lakini kuna jambo la pili ambalo alama hiyo haisemi. Unga huu unavunjika polepole siku zote, hata ndoo ikiwa imefungwa. Unapovunjika hutoa oksijeni, na pia hutoa joto. Katika ndoo moja iliyo kivulini, joto hilo ni dogo mno na linatoka nje bila mtu kulihisi. Joto likizalishwa haraka kuliko linavyotoka, unga unazidi kupata moto, kuvunjika kwake kunaongeza kasi, na kasi hiyo inaleta joto zaidi. Mwisho wake unga unavunjika kwa ghafla, gesi ya klorini inatapakaa, na oksijeni nyingi inamwagika juu ya plastiki, mbao na magunia yaliyo karibu. Hapo moto unatokea bila mtu yeyote kuwasha kitu.

Ukubwa wa rundo unabadilisha hesabu

Wataalamu wanaopima hatari ya kujiwasha hawaulizi tu kitu kinawaka kwa nyuzi ngapi. Wanauliza pia kiko kwa wingi gani. Mama anayesonga bugali anaijua sababu. Tonge moja linapoa mkononi kwa muda mfupi, lakini katikati ya sufuria ya harusi bugali inabaki ya moto kwa saa nyingi. Joto huzalishwa na ujazo wote, na hutokea kwenye uso wa nje peke yake.

Mchemraba wa unga wenye sentimita 10 kila upande una ujazo wa lita moja. Mwingine wenye mita moja kila upande una lita 1,000. Ujazo umeongezeka mara 1,000, uso wa nje mara 100 tu. Kila lita katika mchemraba mkubwa imebaki na sehemu moja ya kumi ya nafasi iliyokuwa nayo ya kutoa joto. Ndiyo maana hakuna nyuzi moja ambayo mtu anaweza kuitaja kuwa joto la kujiwasha la unga fulani. Kila ukubwa una kiwango chake, na rundo likikua kiwango hicho kinashuka.

Hesabu hiyo ina mfano unaofahamika sana Masisi, nao ni makala. Kipimo cha Umoja wa Mataifa cha vitu vinavyojipasha joto kimejengwa juu ya tabia ya makala: rundo la mita za ujazo 27, yaani mita 3 kila upande, linaweza kujiwasha kwa joto la nyuzi 50 za Selsiasi. Kwa kuwa hakuna maabara inayoweza kupasha rundo kama hilo, mchemraba wa sentimita 10 unawekwa ndani ya tanuri la nyuzi 140 kwa saa 24. Joto la ndani likipita nyuzi 200, kitu hicho kinahesabiwa kuwa kinaweza kujipasha joto. Kipande kidogo katika joto kali kinatumika kubashiri rundo kubwa katika joto la kawaida.

Ubashiri huo ndio uliowahi kuwapotosha watu kuhusu klorini ya unga. Karibu na mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, wakiongozwa na Brian Gray, walionyesha kwamba unga huu hauvunjiki kwa njia moja katika joto lote. Katika joto la chini, mmenyuko mwingine wa polepole unashika nafasi, na haupungui kwa kasi ambayo majaribio ya joto kali yanaonyesha. Hesabu zilizotoka kwenye sampuli ndogo zilizopashwa sana zilikuwa zimewapa wasafirishaji matumaini kupita kiasi.

Meli zilizoungua

Somo hilo lilikuwa limeanza kulipiwa baharini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, meli kadhaa za makontena zilipata moto uliohusishwa na hipokloriti ya kalsiamu. Moja yao, Aconcagua, ilikuwa njiani kutoka Busan, Korea Kusini, kwenda San Antonio, Chile, pale kontena lililobeba madumu 334 ya unga huo lilipolipuka tarehe 30 Desemba 1998. Kontena lilikuwa limepangwa karibu na tangi la mafuta ya meli, na mafuta hayo yalipashwa joto safarini.

Kesi ilifika mahakamani London. Mahakama ilikubali kwamba mzigo ule haukuwa wa kawaida: uliweza kujipasha kwa joto la chini kuliko lile ambalo wenye meli walikuwa na haki ya kulitarajia. Oktoba 2003, meli Sea Elegance iliungua karibu na Durban, Afrika Kusini, na baharia mmoja akafa. Hapo pia klorini ya unga ilitajwa.

Kampuni za meli na bima zao zilijibu kwa kanuni zinazoeleweka kirahisi. Chombo kimoja kisizidi kilo 45 za unga. Kontena moja lisizidi tani 14. Mzigo uwekwe mbali na jua na kila chanzo cha joto, na nafasi iachwe ili hewa ipite kati ya vyombo. Kanuni zote zinalenga jambo lile lile la sufuria ya bugali, kuhakikisha joto lina pa kutokea.

Masisi si Walikale

Je, masharti ya baharini yanahusu nini vilima vya Masisi? Hali ya hewa ya huko inasaidia. Sehemu kubwa ya Masisi iko juu ya mita 1,500, usiku ni baridi, na depo yenye kuta za mbao au matofali na madirisha pande mbili inapoa kila siku. Ndoo chache za kilo 45, safi na zilizofungwa, zikiwekwa humo juu ya mbao, ziko mbali sana na kiwango cha kujiwasha.

Walikale ni habari nyingine. Teritware hiyo, iliyo kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, sehemu yake kubwa ni msitu wa bonde, wenye joto na unyevu mwaka mzima. Unyevu unaoingia ndani ya ndoo isiyofungwa vizuri unaharakisha kuvunjika kwa unga. Unga unashikana mabonge, unapoteza nguvu ya kusafisha maji, na ndoo inaweza kuvimba kwa gesi.

Hata hivyo, tofauti kubwa zaidi iko kwenye jengo na gari kuliko kwenye teritware. Kontena la chuma lililotumiwa kama depo katikati ya uwanja usio na mti, au kamyo iliyofunikwa turubai jeusi na kukwama siku tatu kwenye matope, vinapata joto kali mchana kuliko hewa ya nje. Ndoo iliyopangwa ukutani upande wa injini au bomba la moshi inapata joto la aina yake, kama madumu ya Aconcagua yalivyopata joto la tangi. Mtu akiandika katika ripoti kwamba Masisi kuna baridi, anaeleza hewa ya Masisi, hajaeleza hewa iliyo ndani ya kontena.

Majirani wabaya

Kwa kiasi kinachohifadhiwa kwenye kituo cha afya cha kijijini, hatari ya kwanza haitokani na rundo kujipasha joto. Inatokana na kitu ambacho unga umewekwa karibu nacho.

Katika njia za Kivu, mzigo mmoja hubeba kila kitu. Bidoni za mazutu za jenereta, mafuta ya breki, sabuni, mchele, magodoro na ndoo za klorini vinaweza kukaa ndani ya kamyo moja, au juu ya pikipiki moja. Hapo ndipo unga wa daraja la 5.1 unapata kinachoungua. Mafuta ya breki, glisirini, mazutu, sukari, vumbi la mbao na hata matambara yenye grisi yanaweza kushika moto yakichanganyika nao, mengine ndani ya dakika chache, bila cheche.

Jirani wa pili ni tindikali. Salfeti ya alumini, dawa inayotumika kutuliza tope kwenye maji ya mto kabla ya kuyatia klorini, ina uchachu ikilowa. Timu za maji huzihitaji dawa hizo mbili kwa pamoja, kwa hiyo ni rahisi kuziweka kwenye rafu moja. Paa likivuja na vyote viwili vikalowa, gesi ya klorini inaweza kujaa chumba hata kama moto haukuwaka. Tindikali ya betri za sola ina madhara hayo hayo.

Jirani wa tatu anafanana sana na unga wenyewe, na kwa hiyo anawadanganya watu wengi. Si kila klorini ni HTH. Kuna vidonge na chembechembe za NaDCC, vinavyotolewa kwa jamaa ili wasafishe maji nyumbani. Vyote vina harufu moja na kazi moja, lakini vikichanganywa vikiwa vimelowa vinaweza kutoa gesi inayolipuka. Kijiko kilichochota NaDCC hakitakiwi kurudi kwenye ndoo ya HTH.

Mvua nayo ni jirani. Tarehe 27 Agosti 2020, tufani Laura lilibomoa mapaa ya kiwanda cha BioLab huko Lake Charles, Marekani. Maji ya mvua yaliifikia dawa ya mabwawa ya kuogelea iliyo ndugu ya NaDCC, dawa ikapata moto, ikavunjika, na kiwanda kikaungua. Si unga ule ule, lakini jengo lililopoteza bati si jambo geni mahali ambapo mabomu na upepo mkali wa milimani vinapita.

Vita vinaongeza muda

Tathmini yoyote ya hatari hii inayoacha muda nje haijakamilika. Unga uliotoka kiwandani mwezi uliopita si sawa na ule uliokaa miaka miwili, ukafunguliwa, ukahamishiwa kwenye mifuko na kurudishwa ndooni.

Mwishoni mwa Januari 2025, M23 iliteka mji wa Goma, na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Mwezi Machi wapiganaji walifika Walikale-centre, kisha wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kwa mashirika ya kiutu, Goma ilikuwa ndiyo mlango wa kuingiza dawa na vifaa. Mlango huo ukifungwa, mizigo ya Walikale inatazama barabara ndefu ya kutoka Kisangani kupitia Lubutu, na ile ya Masisi inapita mistari ya vita.

Matokeo yake kwa klorini yanaeleweka. Mtu asiyejua kama barabara itafunguka tena anaagiza mzigo mkubwa kwa mara moja, na rundo linakua. Wahamaji wakihama kambi usiku mmoja, mzigo uliokusudiwa kwao unabaki depo, na umri wake unaongezeka. Jengo likiporwa, ndoo zinafunguliwa na kumwagika. Wafanyakazi waliofundishwa wakiondoka, funguo zinabaki kwa mtu ambaye hakuwahi kuambiwa unga ule ni nini. Hakuna hata moja kati ya hayo linalopimwa na tanuri la nyuzi 140, ingawa yote yanasogeza unga karibu na kiwango chake cha hatari.

Mchanga hauzimi moto huu

Moto wa klorini unakataa mazoea. Kwa kawaida watu hutupa mchanga au kufunika kwa blanketi ili kunyima moto hewa. Unga huu unabeba oksijeni yake mwenyewe, kwa hiyo kuufunika hakusaidii. Vizima-moto vya unga vinavyoning'inizwa kwenye kuta za ofisi nyingi vina chumvi za amonia, ambazo zikikutana na klorini zinaongeza hatari.

Kinachofaa ni maji mengi sana, kutoka mbali, upande upepo unakotoka. Maji kidogo yanaamsha unga, maji mengi yanaupoza na kuuyeyusha. Mahali pasipo na maji mengi, uamuzi wa busara ni kuondoa watu, kwanza walio upande wa chini na upande upepo unakoelekea, kwa sababu gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa na inatambaa kwenye mabonde. Katika vijiji vya Masisi vilivyojengwa kwenye miteremko, hilo lina maana kwamba waliolala chini ya depo wako hatarini kuliko walio juu yake, hata kama nyumba zao ziko mbali na moto.

Maswali yanayopaswa kujibiwa

Njia za kupunguza hatari zipo, na nyingine hazigharimu chochote. Mzigo unaweza kugawanywa katika depo ndogo kadhaa badala ya moja kubwa. Ndoo zinaweza kuwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta unaopigwa na jua, huku nafasi ikiachwa katikati. Za zamani zitangulie kutumika. Mazutu na salfeti ya alumini viwe na chumba kingine. Kijiko kiwe kikavu, na unga uliomwagika usirudishwe ndooni. Anayetengeneza mchanganyiko atie unga ndani ya maji, asimwage maji juu ya unga.

Mahali penye umeme wa sola, kuna njia ya kutengeneza klorini ya maji papo hapo kwa chumvi na umeme, kwa vifaa kama WATA. Klorini hiyo ni hafifu na inapoteza nguvu haraka, kwa hiyo haiwezi kubeba kituo kikubwa cha kipindupindu. Lakini kituo kidogo cha afya kinachoitumia hakihitaji kuweka unga wa mwaka mzima.

Linalobaki ni uwajibikaji. Anayenunua klorini ana karatasi ya usalama kutoka kwa muuzaji. Mwenye kamyo mara nyingi ana karatasi ya kupita vizuizi. Mlinzi wa usiku ana ufunguo tu. Hatari inakwenda na ndoo hadi kwa mtu wa mwisho, huku habari ikibaki kwa wa kwanza. Idara za afya za maeneo na mashirika yanayoleta unga huu yanaweza kubadilisha hilo kwa karatasi moja iliyobandikwa mlangoni, kwa Kiswahili, ikijibu maswali manne: kuna kilo ngapi ndani, zimekaa tangu lini, joto la mchana ndani ya chumba ni nyuzi ngapi, na kuna nini pembeni yake. Depo isiyoweza kujibu hata moja kati ya hayo haijapimwa hatari yake, hata kama ndoo zote zina alama ya mwali juu ya duara.